Kununua nyumba kubwa ya familia Magomeni, juu ya Bonde la Msimbazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo wanunuzi huyarudia wanapotafuta nyumba ya familia Magomeni na mitaa inayopakana nayo. Majibu yamepangwa kuanzia ya msingi hadi yale ya kesi zisizo za kawaida. Ukikuta jibu linakupeleka kwenye namba nyingine, nenda huko, kwa sababu hatukurudia jambo mara mbili.

## Mtaa na nyumba zenyewe

1. Magomeni ni wapi hasa, na kwa nini watu huiita ya kihistoria?

Ni kata ya Manispaa ya Kinondoni, Dar es Salaam. Ukitoka Kariakoo kwa Barabara ya Morogoro unashuka Jangwani, unavuka Mto Msimbazi, kisha unapanda. Pale unapomaliza kupanda ndipo Magomeni Mapipa. Wenyeji hawasemi "naishi Magomeni" wakaishia hapo. Watakwambia Mikumi, Makuti, Kondoa, Usalama, Mwembechai, Kagera au Suna, na kila jina lina tabia yake. Suna, kwa mfano, iko chini bondeni, na hilo peke yake linabadilisha kila kitu utakachosoma kwenye namba 5 hadi 8.

Viwanja vya hapa vilipimwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya Waafrika, Kariakoo na Ilala zilipokuwa zimejaa. Ndiyo maana mitaa imenyooka, tofauti na Manzese au Tandale ambako nyumba zilijipanga zenyewe. Mwalimu Nyerere aliishi Magomeni wakati TANU inadai uhuru, na nyumba yake leo ni makumbusho. Kota za zamani zilivunjwa, na mahali pake pakajengwa maghorofa ya kaya 644 yaliyofunguliwa Machi 2022.

Kwa usafiri, Magomeni haina mshindani wa karibu. Mwendokasi ulianza Mei 2016 na unapita Barabara ya Morogoro, una vituo kadhaa ndani ya Magomeni, na Kariakoo ni vituo vichache tu mbele. Isipokuwa siku ambayo Jangwani imejaa maji.

2. Tangazo linasema "nyumba kubwa ya familia, vyumba sita". Nitegemee nini?

Tegemea nyumba ya Kiswahili. Mbele kuna baraza, mlango mkubwa katikati, kisha ukumbi mrefu unaopasua nyumba hadi uani, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto. Uani kuna jiko, bafu, choo, stoo, na mara nyingi vyumba vingine viwili vitatu vilivyoongezwa watoto walipokua au wapangaji walipohitajika.

Kwa hiyo neno "kubwa" liulize vizuri. Dalali anahesabu vyumba, wewe hesabu mita. Chumba cha nyumba ya aina hii kiliwekwa kwa kitanda, kabati na mtu kupita. Sebule haimo: sebule ilikuwa ukumbi kwa wanawake na watoto, baraza kwa wanaume na wageni. Choo cha ndani hakimo pia, isipokuwa mwenye nyumba ameongeza. Familia ya watu wanane hukaa humo kwa raha kabisa ikiwa inajua kuishi kwa uani. Familia iliyozoea sebule, dining na "master" italazimika kuvunja kuta, na hapo soma namba 3.

Pima kiwanja chenyewe kwa futi kamba, usikubali hatua za miguu. Viwanja vya Magomeni ni vidogo ukilinganisha na vya Mikocheni au Mbezi, na uani uliojengwa wote hauna tena pa kuchimba karo (shimo la maji taka).

3. Nyumba ya zamani hivi inafaa kukaa, au nanunua kiwanja tu?

Inategemea umri wa kuta, na umri huo hauonekani kwenye rangi. Nyumba za mwanzo zilijengwa kwa miti na udongo, zikapigwa lipu ya saruji juu. Nyingine zilibomolewa chumba kimoja kimoja na kujengwa upya kwa matofali ya saruji kadiri hela ilivyopatikana, kwa hiyo unaweza kukuta nyumba moja ina kuta za aina mbili. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole kila chumba. Panapotoa mlio mtupu na lipu kumeguka, kuna udongo ndani.

Kisha tazama vitu vitatu. Msingi: nyingi zina msingi mfupi uliokusudiwa kubeba bati tu. Paa: panda, au mpe fundi apande, uone mbao zimeliwa na mchwa kiasi gani. Na mashimo ya vyoo vya zamani. Kiwanja kilichokaliwa miaka sitini kina shimo zaidi ya moja, na shimo lililofukiwa kisha likajengewa chumba juu yake ndilo hufanya sakafu izame bila sababu inayoonekana. Uliza vyoo vya zamani vilikuwa wapi. Mzee wa jirani anajua.

Wanunuzi wengi wa sasa hununua ili wavunje. Sina ugomvi nao, ila usilipe bei ya nyumba kama nia yako ni kiwanja.

4. Bei zinapangwaje?

Kwa umbali na barabara kuu kwanza, kwa urefu kutoka bondeni pili, tatu kwa karatasi za umiliki, na nyumba yenyewe mwisho. Nyumba mbili zinazofanana kila kitu, moja ikitazama barabara ya lami na nyingine ikiwa nyumba ya tatu kwa ndani, hazikaribiani bei, kwa sababu ya kwanza inaweza kugeuzwa fremu za maduka.

Bei ya kwanza unayotajiwa ni ya kuanzia mazungumzo. Mlete mthamini aliyesajiliwa kabla hujakubali, kwani thamani iliyopitishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali utaihitaji kwenye kodi hata hivyo (namba 13).

## Bonde na maji

5. Magomeni inafurika au haifuriki?

Magomeni ya juu, kandokando ya Barabara ya Morogoro, haifuriki kwa mto. Inaweza kutuama maji ya mvua kwa mitaro kuziba, jambo ambalo ni kero tu. Magomeni ya chini, upande wa Jangwani, Suna na kuelekea Kigogo, ni habari nyingine.

Msimbazi unaanzia milima ya Pugu na Kisarawe, unapita Vingunguti, Tabata na Kigogo, kisha unaingia baharini karibu na Daraja la Selander. Maji yote ya mvua ya sehemu kubwa ya jiji yanashukia humo. Upande wa pili Mto Ng'ombe unatoka Sinza na Tandale ukielekea Hananasif. Magomeni iko juu katikati ya mito hii miwili. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na baadhi ya waliokuwa wakikaa bondeni wakahamishiwa Mabwepande. Aprili 2018 maji yalirudi tena, na karakana ya mabasi ya mwendokasi iliyojengwa pale Jangwani imezamishwa zaidi ya mara moja.

6. Nitajuaje kama nyumba niliyoonyeshwa iliwahi kuingia maji?

Usimuulize muuzaji. Angalia yafuatayo mwenyewe.

Soketi za umeme zikiwa zimepandishwa usawa wa kifua vyumba vyote, kuna sababu. Kizingiti cha mlango kilichojengewa tofali mbili tatu juu, hadi unaruka kuingia, ni ukuta wa kuzuia maji hata kama umepakwa rangi nzuri. Lipu mpya inayoishia usawa mmoja nyumba nzima huficha mstari wa tope. Kabati na vitanda vilivyoinuliwa juu ya matofali navyo vinasema.

Halafu nenda kwa wapangaji wa jirani, siyo wenye nyumba. Mwenye nyumba wa jirani naye ana nyumba ya kuuza kesho kutwa, hawezi kuuchafua mtaa. Mpangaji hana cha kupoteza, atakuonyesha kwa mkono maji yalifika wapi. Ukiweza, usifunge biashara kabla hujaiona nyumba wakati wa masika, Machi hadi Mei. Muuzaji anayeharakisha umalizane naye Februari huenda ana shida ya ada za shule, au ana haraka nyingine.

7. Nimesikia habari ya mita 60. Inanihusu?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa msingi huo nyumba nyingi za bondeni ziliwekewa alama ya X nyekundu, na ubomoaji mkubwa ukafanyika Desemba 2015.

Kipimo kinaanzia ukingo wa mto, na ukingo wa Msimbazi huhama. Mto unakula upande mmoja na kuacha mchanga upande mwingine, kwa hiyo nyumba iliyokuwa mbali wakati inajengwa inaweza kuwa karibu leo. Pima umbali huo na mpima aliyesajiliwa. X iliyofutwa kwa chokaa bado ni X, uliza manispaa.

8. Na mradi wa Bonde la Msimbazi? Utaivunja nyumba, au utaipandisha bei?

Mradi huo, unaogharimiwa kwa sehemu kubwa na mkopo wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa 2022, unalenga kupanua na kuelekeza mto, kujenga daraja refu zaidi Jangwani, na kugeuza sehemu ya bonde kuwa hifadhi ya wazi ya jiji. Wakazi waliokuwa ndani ya eneo la mradi walithaminiwa, wakalipwa fidia na kuondoka.

Nyumba iliyo ndani ya mpaka wa mradi usiinunue hata ukipewa kwa bei ya chakula. Iliyo nje yake, juu kidogo, ndiyo madalali wanayoipamba kwa maneno "itatazama bustani". Inawezekana. Ila lipa thamani ya leo. Faida ya bustani ambayo haijamea miti haina sababu ya kwenda kwa muuzaji. Mpaka wenyewe uthibitishe ofisi ya ardhi ya manispaa kwa namba ya kiwanja, na usikubali kuonyeshwa kwa kidole kwamba "mradi unaishia pale kwenye mwembe".

## Karatasi na watu

9. Kuna hati, leseni ya makazi, na karatasi ya serikali ya mtaa. Tofauti ni nini?

Hati miliki hutolewa kwa kiwanja kilichopimwa, kwa miaka 33, 66 au 99. Ardhi yote Tanzania ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini, hivyo hata mwenye hati ana haki ya kuitumia kwa muda huo na kwa masharti yaliyoandikwa. Leseni ya makazi ni ya muda mfupi, haizidi miaka mitano, na ilibuniwa kwa makazi yasiyopangwa. Inahuishwa, lakini haina uzito wa hati. Karatasi ya mauziano iliyogongwa mhuri na serikali ya mtaa ni ushahidi kwamba watu fulani waliuziana. Haimpi mtu umiliki unaosajiliwa.

Kwa kuwa Magomeni ilipimwa zamani, nyumba ya katikati ya kata ikikosa hati uliza kwa nini. Mara nyingi jibu ni namba 11.

10. Nimeonyeshwa nakala ya hati, jina ni la muuzaji. Inatosha?

Haitoshi. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati kwa namba ya hati, namba ya kiwanja na kitalu. Utapata jina la mmiliki wa sasa, kama kuna rehani ya benki, na kama kuna mtu ameweka zuio, yaani pingamizi rasmi la kusimamisha uhamisho. Ada yake ni ndogo kiasi kwamba kutoifanya ni uvivu tu. Rudia upekuzi siku chache kabla ya kulipa, kwa sababu zuio linaweza kuwekwa wakati wowote katikati.

Dai pia stakabadhi ya kodi ya pango la ardhi ya miaka yote. Deni la pango haliondoki na muuzaji, na uhamisho hautapita likiwepo.

11. Nyumba ni ya marehemu na watoto wanauza. Nani ana haki ya kusaini?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote Magomeni. Waliojenga nyumba hizi wengi wamekwishatangulia, hati bado zina majina yao, na warithi wametawanyika: mmoja Tanga, mmoja Muscat, wawili wamo humo ndani na hawataki kuhama.

Anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, basi. Mtoto mkubwa wa kiume hauzi kwa ukubwa wake, na mjane hauzi kwa kuwa ndiye aliyebaki. Kwa mirathi za Kiislamu na za kimila wengi hupitia Mahakama ya Mwanzo, na karatasi utakayoomba kuiona ni Fomu Namba 4, ile ya uteuzi. Chukua namba ya shauri, nenda mahakamani ukaangalie jalada lenyewe. Ndani yake angalia muhtasari wa kikao cha ukoo, orodha ya warithi, na kama nyumba hiyo imetajwa kwenye orodha ya mali, Fomu Namba 5. Kama hesabu za mwisho, Fomu Namba 6, zimekwishawasilishwa na jalada limefungwa, uliza nyumba iligawiwa nani, kwa sababu pengine msimamizi hana tena cha kuuza.

Msimamizi huyo anatakiwa kwanza asajiliwe kwenye hati kama mwakilishi wa marehemu, ndipo ahamishe kwako. Wauzaji wenye haraka hupenda kuruka hatua hii.

Kisheria msimamizi anaweza kusaini peke yake. Kwa usalama wako usikubali asaini peke yake. Kaa na warithi wote, waite uani, wasome mkataba, kila mmoja asaini kwamba ameridhia bei na mgao. Aliye mbali ahudhurie kwa simu ya video na atume ridhaa iliyothibitishwa. Ukimwona mmoja hazungumzi kikao kizima, mfuate baadaye uzungumze naye faraghani, maana ndiye atakayekwenda kuweka zuio. Muda wa ukomo wa madai ya ardhi ni miaka 12, kwa hiyo ndugu aliyenung'unika leo anaweza kukuita Baraza la Ardhi wakati mtoto wako amekwishafika kidato cha nne.

Na yule mama mzee anayekaa chumba cha kwanza kulia, ambaye wote wanasema "huyu tutamhamisha"? Hakikisha amehama, na anajua anakohamia, kabla hujalipa kilichobaki. Nimeona familia zikikubaliana kila kitu isipokuwa hilo.

12. Baba anauza nyumba yenye jina lake. Sahihi ya mke ni ya nini?

Sheria ya Ndoa ya 1971 inazuia mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja. Ikiwa ana wake zaidi ya mmoja, tafuta ni nani anaishi au ameishi katika nyumba hiyo, na kwa tahadhari chukua ridhaa ya wote. Kiapo cha "sina mke" kilichoandikwa na muuzaji kisikulaze usingizi. Waulize majirani.

## Hela

13. Nani analipa kodi gani?

Muuzaji hulipa kodi ya ongezeko la mtaji TRA, na kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida. Nyumba ambayo mtu ameimiliki na kuishi kwa miaka 3 au zaidi haitozwi ikiwa faida haizidi shilingi milioni 15, kiwango ambacho kwa bei za Magomeni hupitwa haraka. Bila cheti cha TRA uhamisho hausajiliwi, kwa hiyo ukimwachia muuzaji hela yote mkononi akatoweka, kodi hiyo itakuwa tatizo lako. Zuia sehemu ya malipo hadi cheti kitoke.

Mnunuzi hulipa ushuru wa stempu, asilimia 1 ya thamani, pamoja na ada za ridhaa na usajili. Fomu ni tatu: Namba 29 ya taarifa, Namba 30 ya maombi ya ridhaa, na Namba 35 ya uhamisho wenyewe. Wakili patana naye gharama kabla hajafungua faili.

Wapo watakaokushauri muandike bei ndogo kwenye mkataba ili kodi ipungue. Mthamini wa serikali haangalii mkataba wenu tu. Tena, mauzo yakivunjika ukaenda kudai hela yako, utadai ile iliyoandikwa.

14. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa anataka asilimia 10 ya mauzo.

Hakuna sheria ya ardhi inayompa. Mshirikishe kama shahidi, kwa sababu anaijua familia na migogoro yake, na ukitaka kumpa ahsante ya usumbufu hiyo ni hiari yako. Asilimia inayodaiwa kama sharti si ahsante, na huna wajibu wa kuilipa.

15. Dalali je?

Kwa kawaida aliyemleta ndiye anayemlipa, ila Dar es Salaam dalali atajaribu pande zote mbili. Neno lake la kwanza huwa asilimia 10, na hushuka. Andikeni kwa karatasi nani analipa, kiasi gani, na lini, na siku hiyo iwe baada ya uhamisho kukamilika. Ile hela ndogo ya kuonyeshwa nyumba mpe akikupeleka, lakini ukiona amekuonyesha nyumba tatu ambazo hazina mtu wa kufungua mlango, biashara yake ni kuonyesha.

Nyumba moja huwa na madalali watano na bei tano. Tafuta njia ya kuongea na mwenye nyumba mwenyewe mapema.

16. Nitoe kishika uchumba kiasi gani?

Kidogo unachoweza kukipoteza bila kuugua, kwa benki, dhidi ya makubaliano yaliyoandikwa yanayosema kitarudi ikiwa upekuzi utaonyesha tatizo. Usitoe chochote kabla ya namba 10.

17. Naweza kununua kwa mkopo wa benki?

Unaweza, ikiwa nyumba ina hati safi na jina la aliye hai. Benki hazipendi leseni ya makazi wala mirathi ambayo haijakamilika, na riba kwa nyingi bado ni ya tarakimu mbili. Muda wa benki kukagua ni mrefu kuliko subira ya familia nyingi zinazouza. Pata barua ya kukubaliwa kimsingi kabla hujaenda kutazama nyumba.

## Ukishanunua

18. Kuna wapangaji ndani. Wanatoka lini?

Kuuzwa kwa nyumba hakumfuti mpangaji aliyelipa. Aliyetoa kodi ya miezi sita mwezi uliopita ana miezi mitano kwako, na hela yake ameshakula mwenye nyumba wa zamani. Orodhesheni wapangaji wote, kila mmoja na tarehe yake ya mwisho, iwe kiambatisho cha mkataba, na kodi iliyolipwa mbele ikatwe kwenye bei. Wape notisi kwa maandishi. Wengine watataka kubaki, na kwa nyumba ambayo hujaanza kuivunja hilo si jambo baya.

19. Kodi ya majengo inalipwa wapi?

Kwenye LUKU. Tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi, na ya ghorofa 7,500 kwa kila ghorofa. Nyumba za Magomeni mara nyingi zina mita mbili au tatu, ya mwenye nyumba na za wapangaji. Kodi ni ya jengo moja, kwa hiyo mita zote zikikatwa, nenda ukaombe ikatwe kwenye mita moja tu. Deni la maji la DAWASA nalo ulione kwa namba ya mteja kabla ya kukabidhiwa funguo.

20. Nataka kuvunja nijenge ghorofa.

Unahitaji kibali cha ujenzi cha manispaa, na mhandisi apime udongo kwanza, hasa kadiri unavyosogea bondeni. Kuongeza ghorofa juu ya kuta za zamani usifikirie, sababu iko namba 3. Ukitaka fremu chini na makazi juu, angalia matumizi yaliyoandikwa kwenye hati, kwani huenda ukahitaji kuomba mabadiliko ya matumizi. Nia ikiwa kuuza ghorofa mojamoja kwa watu tofauti, kuna sheria yake ya 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo.

## Kesi zisizo za kawaida

21. Ndugu mmoja anauza vyumba vyake vitatu tu, upande wa kushoto.

Usinunue, isipokuwa kiwanja kimegawanywa rasmi na kila nusu ina hati yake. Ugawaji wa ndani wa familia unawafunga wao. Wewe utakuwa umenunua kuta tatu, nusu ya ukumbi na ugomvi wa choo.

22. Hati imepotea, au muda wake umeisha.

Iliyopotea ina utaratibu: taarifa polisi, kiapo, tangazo, kisha Msajili hutoa nyingine. Mwache muuzaji aufuate hadi mwisho kabla hujalipa, kwa sababu "imepotea" wakati mwingine maana yake iko kwa mkopeshaji. Iliyoisha muda ihuishwe kwa jina la muuzaji kwanza.

23. Mzee mmoja wa mtaa anasema nyumba ni wakfu.

Simama hapo hapo. Mali iliyowekwa wakfu haiuzwi na warithi hata wakikubaliana wote. Huenda mzee amekosea, huenda ni mmoja wa wale wanaotaka kuharibu biashara, lakini uliza msikiti uliotajwa na umwombe msimamizi wa mirathi alete ushahidi kinyume chake. Kama jibu linachukua miezi, nyumba nyingine zipo.

24. Niko nje ya nchi. Naweza kununua nikiwa huku?

Raia wa Tanzania anaweza, kwa kumpa mtu hati ya uwakilishi iliyosainiwa mbele ya ubalozi au mthibitishaji na kusajiliwa nyumbani. Iandike kwa nyumba hiyo moja, kwa kitendo hicho kimoja, na kwa muda wenye mwisho. Upekuzi afanye mtu mwingine asiyemjua mwakilishi wako.

Aliyechukua uraia wa nchi nyingine si raia tena kwa sheria zetu, na asiye raia haruhusiwi kumiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Mabadiliko ya sheria yaliyopitishwa na Bunge mwanzoni mwa 2025 yalileta hadhi maalum kwa wenye asili ya Tanzania, hivyo mwombe wakili akusomee masharti yake kabla hujatuma hata kishika uchumba. Kuandikisha nyumba kwa jina la mdogo wako aliyebaki ni njia iliyozoeleka. Ujue tu kwamba mbele ya sheria hiyo ni nyumba ya mdogo wako, na ya mkewe.